Mifupa ya Stratis

"Evanthia, usinizungushe. Wewe hukuvuka bahari kuja kutazama nguzo."

Tayfun aliyasema hayo tukiwa Aso, juu kabisa, kwenye hekalu la Athena. Mimi nimekaa juu ya jiwe natafuna simiti, mkate wao wa duara wenye ufuta, mbele yangu kisiwa chetu cha Mitilene, upande wa Ugiriki, kinaonekana hadi milima yake. Yeye alikuwa muongoza watalii mwenye leseni, anajua kila jiwe la pwani ile ya Uturuki na jina la mfalme aliyelisimamisha. Mimi mwalimu wa shule ya msingi, nimekuja kwa siku kumi. Siku ya nne tu nilikuwa nimeshampenda hadi naona aibu. Kigiriki alikijua, cha Krete, alichorithi kwa bibi yake, Mwislamu aliyehamishwa toka kisiwa kile, cha kizamani mno. Alikuwa akifungua mdomo nacheka, akinyamaza namuwaza.

"Nikikwambia utanicheka."

"Jaribu."

"Nimefuata mifupa."

Hakucheka. Alikaa karibu yangu.

"Ya nani?"

"Ya Stratis, kaka yake bibi yangu. Alikufa ana miezi minane, mwaka ule wa 1922, watu wetu Wagiriki walipokuwa wanafukuzwa mjini Ayvalık. Mapadri walishachukuliwa, makaburini hakufikiki. Mama yake akamzika uani, chini ya mkomamanga. Kesho yake akapanda meli."

"Na nyumba ipo?"

"Ipo. Anakaa mjane, Bi Neriman. Nimeshaongea naye, kakubali. Jumamosi tunachimba. Yeye anamleta imamu asome chake, mimi nasoma changu."

"Astaghfirullah! Maiti afukuliwe?"

"Kwetu ndiyo desturi, Tayfun. Ikipita miaka mitatu tunawatoa, tunaiosha mifupa kwa divai, tunaiweka kwenye kisanduku chenye jina. Asiyetolewa tunamhesabu kama bado yuko njiani. Bibi Marigo ana miaka tisini na nne, macho yameshakwenda, lakini kasema hafi mpaka amwoshe kaka yake. Kisanduku keshachongesha. Kipo chini ya kitanda chake."

Akanibusu kwenye paji la uso.

"Roho yangu," akasema, "mimi nitakusaidia."

Kisha akaniuliza mkomamanga uko upande gani wa kisima. Na mimi, kwa ujinga wangu uliokomaa, nikamchorea kwenye karatasi ya simiti.

Kesho yake alitupeleka Troya, mimi na watalii wengine kumi na wawili. Akatusimamisha kwenye ule mtaro mkubwa unaopasua kilima, akapaza sauti:

"Tazameni! Mtu kaja hapa na uchu wa dhahabu, kapasua kilima katikati. Mji ule ule aliokuwa anautafuta kaupiga sururu, kautupa nje pamoja na kifusi! Mtu wa namna hii mnamwitaje?"

"Mwizi!" akadakia mzee mmoja.

"Mwizi ana afadhali, baba. Mwizi anajua anachokiiba."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, viganja vikaniwaka.

Jioni nikampigia Bibi.

"Bibi, nimepata mtu."

"Mturuki?"

"Ndiyo, lakini Kigiriki anajua. Cha Krete."

"Krete! Mungu wangu! Si bora angekuwa Mturuki mtupu?"

"Bibi jamani!"

"Haya, haya. Atakuja na wewe kumleta Stratis?"

"Atakuja."

"Basi nitampikia. Mkrete naye ana tumbo."

Alhamisi Tayfun akanipakia kwenye basi la Pergamo. "Huwezi kurudi kwenu hujaiona Pergamo," akasema. "Mimi nina kundi la Wajapani Efeso, siwezi kuwaacha. Kaone ule ukumbi wa michezo, kaa juu kabisa, uniwaze."

Nikaenda. Nikakaa juu kabisa. Nikamuwaza. Saa saba mchana simu ikaita, Bi Neriman. Naye ni wa ukoo wa Krete, kwa Kigiriki tulielewana bila shida.

"Mwanangu, wamemaliza. Ila mimi sijapenda."

"Nani wamemaliza nini, Bi Neriman?"

"Mchumba wako na shemeji yake, yule Kenan. Mchumba wako kanambia wewe huna moyo wa kutazama, umemtuma amalize mapema. Nikamuuliza, na imamu? Akasema imamu wa nini. Wameung'oa mkomamanga, mwanangu! Wamechimba mpaka ukutani kwa kisima. Na huyo Kenan ana kile kimashine kinacholia lia kikinusa dhahabu."

Nilisimama.

"Na mtoto?"

Akaanza kumlilia mkomamanga wake.

"Bi Neriman, mtoto yuko wapi?"

"Mimi nilidhani wewe ndiye umeletewa."

Nateremka zile ngazi mbio, ujumbe ukaingia. Wa Tayfun: "Hawa Wajapani wananitoa roho. Efeso bila wewe ni mawe tu, roho yangu."

Nilimkuta uani kwa Bi Neriman, ndani ya shimo hadi kiunoni, anachimba la pili. Kenan yuko juu, kikombe cha chai mkononi.

"Efeso imesogea siku hizi," nikasema.

Sururu ikamtoka.

"Evanthia... roho yangu, nisikilize kwanza."

"Stratis yuko wapi?"

"Hamna kitu humu."

"Sijauliza kitu. Nimeuliza Stratis."

Kenan ndiye aliyejibu, tena huku anapuliza chai yake. "Kulikuwa na vijifupa, dada. Vya mbwa, vya paka, nani ajue? Tumevitia kwenye viroba na kifusi, gari limeshapita."

"Limepeleka wapi?"

"Kule wanakojaza bahari, kwenye gati jipya."

Nilikaa chini, kwenye udongo ule ule. Sauti iliyonitoka sijui ilikuwa ya nani.

"Nilikwambia! Tayfun, nilikwambia kwa mdomo wangu huu! Nilikuficha nini?"

"Nani angeamini?" Naye alikuwa anapiga kelele sasa. "Kila Mgiriki anayerudi huku anasema kaburi! Babu yangu aliwaona kwa macho yake. Wanakuja na kaburi mdomoni, wanaondoka na chungu cha dhahabu! Maiti hafukuliwi, Evanthia! Nani avuke bahari kwa mifupa ya kitoto cha miezi minane?"

"Kwa hiyo ulinibusu kwa ajili ya chungu."

"Mwanzoni."

"Mwanzoni! Tuna siku nane tu tangu tujuane. Huo mwanzo uliisha lini?"

Akainamisha kichwa. Angebaki hivyo hivyo, labda ningemlilia. Lakini mwenzangu akatoka shimoni, akachutama mbele yangu, akaninong'oneza kwa huruma kabisa:

"Roho yangu, si ulisema Bibi haoni? Pale sokoni kuna mchinjaji, rafiki yangu. Anapata mifupa ya mwanakondoo, midogo midogo. Tukiichemsha vizuri, atajuaje?"

Nilimzaba kofi lililomrudisha shimoni. Bi Neriman akavua ndala.

"Tokeni uani kwangu, wezi wa makaburi nyie! Nawaita askari sasa hivi!"

Mimi ndiye niliyemshika mkono. Kuchimba bila kibali kule si mchezo, leseni yake ingekwenda siku ile ile, na bado nilikuwa nampenda. Nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa nzima nilikuwa kwenye kifusi cha gati jipya, napekua kwa mikono. Vigae, misumari, magamba ya chaza. Dereva wa tingatinga alizima mashine, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia mtoto. Akavua kofia, akaniacha nitafute mpaka kiza kikaingia. Sikupata hata kidole.

Jumamosi nikaenda kupanda boti ya kurudi kwetu, mikono mitupu. Nipo kwenye foleni ya abiria nikasikia jina langu. Tayfun huyo, kavaa suti, macho yamemvimba. Akapiga magoti pale pale kwenye saruji ya gati.

"Sijalala tangu juzi. Sistahili hata unitazame. Nilianza na tamaa, sikatai, lakini nimemaliza na wewe. Kubali nikuoe, Evanthia! Nipe maisha yangu yote nikulipe."

Akafungua kijaluba. Pete ya dhahabu, nyembamba, nzuri. Abiria wakaanza kushangilia, mama mmoja akapiga vigelegele.

"Mwanangu, mtu analia hivyo! Msamehe!"

Nikanyoosha mkono. Mnitukane, nimezoea. Pete ikaingia kama niliyopimiwa.

"Kuna sharti moja," nikasema. "Bibi anasubiri na divai yake. Mpigie umwambie mwenyewe."

Rangi ikamtoka, lakini akakubali. Nikaweka sauti ya nje.

"Wewe ndiye Mkrete?" Bibi akauliza.

"Ndiye mimi, Bibi."

"Mbona sauti yako hivyo? Mko na Stratis?"

Akamwambia. Nampa haki yake, alisema yote: mkomamanga, viroba, gari, bahari. Alipomaliza nilisikia saa ya ukutani ya Bibi ikigonga kule ng'ambo.

"Wewe ulimwona?" Bibi akauliza.

"Nani, Bibi?"

"Kaka yangu. Ulimwona kwa macho yako?"

"Ndiyo... nilimwona."

"Basi waliomwona wote wamekufa, umebaki wewe. Mimi mwenyewe sikumkuta. Niambie, alilalaje?"

Tayfun akaisogelea simu.

"Ubavu, Bibi. Kama aliyelala usingizi. Mikono ameikunja kifuani."

"Alikuwa mdogo?"

"Mdogo sana. Kama mkate." Hapo alilia, na kilio kile kilikuwa cha kweli, namfahamu.

"Na shingoni?"

"Shingoni hakukuwa na kitu, Bibi."

"Kulikuwa na msalaba. Wa ubatizo, wa dhahabu, mdogo kama ukucha. Mama aliuza kila kitu kwenye zile meli, lakini alikuwa akisema, wa Stratis sikumvua."

Tayfun hakunitazama usoni. Alitazama kidole changu.

Nilihisi pete inaniunguza.

"Tayfun," nikasema polepole. "Hii umeipata wapi?"

"Msalaba ulikuwa umepinda, Evanthia. Ulikuwa umekwisha kabisa. Nikampelekea sonara, akauyeyusha. Nikasema bora uvae wewe. Si wa ukoo wenu?"

"Kwa hiyo ulijua. Uliuona msalaba, ukajua si mbwa, ukajua ni yeye. Ukamtia kwenye kiroba."

"Kenan ndiye..."

"Ulijua, hukujua?"

"Nilijua." Akafunika uso. "Nilidhani dhahabu yenyewe iko chini yake. Nilidhani wamemlaza juu ili watu waogope kuchimba."

Yule mama wa vigelegele akarudi nyuma, akajifunika mdomo kwa kitambaa chake.

"Evanthia," Bibi akaita kwenye simu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hiyo pete iko kidoleni?"

"Iko, Bibi."

"Usiivue. Panda boti."

Tayfun akanishika koti. "Evanthia, nakuomba. Niseme nini? Nifanye nini?"

"Nenda kwa Wajapani wako," nikamwambia, nikapanda.

Boti ilipotoka gatini nikampigia Bi Neriman.

"Juzi nilikuzuia. Sasa waite hao askari."

"Mwanangu," akanijibu, "nilishawaita tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja tu uondoke salama ndipo nikwambie."

Jumapili, baada ya misa, Bibi aliketi uani, bakuli la divai mapajani. Nikaivua pete, nikamtia kiganjani. Aliiosha kwa vidole vyake muda mrefu, nje, ndani, nje tena, kama anayesafisha masikio ya mtoto. Akaipeleka mdomoni.

"Ndogo," akasema. "Karibu, Stratis. Umechelewa."

Hapo ndipo alipolia. Miaka tisini na nne, na alilia kama mtoto aliyeachwa shuleni. Mimi niliyemletea yale yote nilikuwa nimesimama pembeni na sinia la ngano iliyochemshwa, ile tunayogawa kumkumbuka marehemu, sina hata uso wa kumkumbatia.

Tukaiweka pete peke yake kwenye kile kisanduku kikubwa, juu ya kitambaa cheupe. Padri akaisomea kama anavyowasomea wote. Tukakishusha kwenye kaburi la mama yake, udongo ukarudishwa.

Wiki mbili baadaye, niko darasani nasahihisha madaftari, simu ikatetemeka.

"Leseni wamechukua. Kesi mwezi ujao. Wewe nimekupoteza, najua, sikulaumu. Lakini ile pete ufundi wake nililipa mimi, na sina hata cha kumpa wakili. Nakuomba kwa heshima zote, nirudishie."

Nilimaliza kwanza daftari lililokuwa mkononi. Kisha nikamjibu.

"Nimeizika. Njoo uchimbe."