Kasho Haiko Buloko

Siku ile Falonne, mjukuu wangu, alifagia uwanja mara mbili. Uwanja ulikuwa safi. Roho yake ndiyo haikutulia. Kampuni moja ya shaba hapa Kolwezi ilitafuta walinzi wa ghala la baruti, na karatasi ya maswali ilikuwa mezani.

“Kambo,” akaniita mimi bibi yake, “banauliza kama nilishakamatwa ao kufungwa.”

Miaka saba iliyopita alikamatwa ndani ya eneo la kampuni ingine na gunia ya mawe ya shaba. Polisi wakamuweka kasho, mahabusu ya kituo chao, siku nne, kisha wakamuachilia.

“Andika hapana,” nikamuambia. “Kasho haiko buloko, haiko gereza. Ni chumba tu.”

“Chumba yenye polisi ku mulango, kambo.”

“Hata ku banki kuko polisi ku mulango.”

Akaandika hapana, akapeleka.

Saa kumi jirani yetu, tata Kabemba, akaja kuazima nyundo. Alikuwa karani wa tribinali miaka mingi. Nikamsimulia akili yangu ya kuandika hapana. Hakucheka.

“Mama Mbelu, umemuharibia mutoto kazi.”

“Mi? Kwa neno moja?”

“Kwa lile. Swali linasema pia kukamatwa, na jina lake liko mu kitabu cha polisi. Kosa la zamani watalipima: alikuwa na miaka ngapi? Aliumiza mutu? Alirudilia? Lakini bongo yake, ule uongo, ni ya leo. Mutu mwenye kudanganya ku karatasi, watamupa funguo ya baruti? Na mwizi akijua ile siri, atamuambia: fungua ghala, ama nitasema.”

Falonne akauliza polepole, “Nifanye nini, tata?”

“Rudi kule kesho, kabla bakuite. Eleza yote wewe mwenyewe.”

“Na wakikataa?”

“Wanaweza kukataa. Siwezi kukuahidi kitu.”

Falonne akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Kesho yake akaenda. Akaandika siku aliyokamatwa, sababu yake, na kwamba kwanza alidanganya.

Baada ya wiki tatu mama Florentine, mchunguzi wa kampuni, akafika kwetu. Alikuwa ameuliza jirani wote.

“Nani alimuambia aandike hapana? Yeye anasema ni wazo lake.”

Kumbe mtoto alinificha. Ningeweza kunyamaza. Lakini bongo ya pili ingemumaliza.

“Ni mi, mama. Nilimupelekea chakula kasho siku nne. Akaniapia hatarudi mu mashimo ya batu. Hajarudi.”

Akaandika. Kisha akauliza, “Na wewe, mama, ulishakamatwa?”

“Bado. Zamani nilikuwa nakimbia sana.”

Akacheka, lakini hakusema jibu la kazi.

Jibu lilikuja mwezi uliofuata. Falonne akapewa baji, mwaka wa kwanza chini ya mlinzi mkubwa. Samy wa njia ya pili, aliyeomba kazi ileile, hakuwahi kukamatwa hata siku moja, ila alipeleka diploma ya kununua. Walimkatalia.

Jumatatu nikampelekea chakula cha bukari na sombe ku kazi. Nikavuka mstari mwekundu wa mbele ya ghala.

“Mama, baji yako?”

“Falonne, ni mi.”

“Najua, kambo. Rudi nyuma ya mstari.”

Nikarudi. Bukari ikapoa mikononi mwangu, na kila aliyepita nilimsimamisha:

“Unaona ule ananifukuza? Ni mutoto wetu.”