Gari Lisilo na Kioo

Jerusa, mchuma chai, alikutwa amekufa saa kumi alasiri, Ijumaa moja ya Aprili 1971, kwenye barabara ya udongo inayokata shamba la chai la Bwana Fenwick karibu na Litein. Mvua ya mawe ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Mkononi bado alikuwa ameshika magunia mawili matupu. Mbele kidogo, mtaroni, lilikuwa gari dogo jekundu lisilo na paa wala kioo cha mbele, taa moja imevunjika.

Sajini Kipngetich alichuchumaa, akainua bega la marehemu. Chini yake kulikuwa na barafu iliyosagika. Juu ya aproni yake kulikuwa na barafu nyingine, nzima.

"Aligongwa mawe yakiwa yanaanguka," alisema.

Wanaume waliosimama pale walikuwa wamevua kofia, hata Fenwick, meneja Mzungu. Mmoja tu hakuvua: Bogonko, naibu meneja, mwenye plasta shavuni na kofia ya pama iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Damu ikamchemka Kipngetich. Alikumbuka siku karani wa shamba hilihili alipompiga baba yake kofi, kofia ikaruka, kwa sababu hakuivua upesi mbele ya Wazungu. Na leo mweusi mwenzetu amepewa kiti, basi mchuma chai hata akifa havuliwi kofia!

"Hii ni kazi ya Nyakundi," Fenwick alisema. "Yeye fundi. Jana yeye gombana na huyu mama. Peleka yeye Kericho sasa hivi."

Nyakundi alikuwa tayari amefungwa kamba. Kipngetich akampeleka gereji.

"Kioo cha mbele kiko wapi?"

"Nilikitoa Jumatano, afande. Paa pia, bampa, kiti cha pili. Mzungu anataka gari iwe nyepesi kwa mashindano ya Jumapili. Nimeweka springi ngumu, nimeongeza kabureta. Ukikanyaga mafuta inaruka kama swara."

"Ufunguo?"

"Hakuna. Nimeweka swichi, kama ya taa ya nyumba."

"Nani anaijua?"

"Mimi, Mzungu na Bogonko."

"Na Jerusa mligombania nini?"

Nyakundi akainamisha kichwa. "Wanataka kiwanja cha mashindano pale chini, kwa mboga za akina mama. Akaniambia natengeneza gari ya kukanyagia chakula cha watoto. Nikamtukana. Sasa amekufa na tusi langu."

"Mvua ikinyesha ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu. Nani ataniamini?"

Sajini akamvuta kwenye mwanga, akamtazama uso kwa makini. Grisi tupu. Akaifungua ile kamba.

Alitamani muuaji awe Fenwick. Alitamani sana! Lakini Bilhah, aliyechuma chai pamoja na Jerusa tangu usichana, alimkatisha tamaa.

"Mawe yakianza sisi wote hukimbilia banda la mizani, baba. Leo Mzungu alikuwa humo na sisi, akitutukana kwa sababu ya majani kulowa. Jerusa pekee ndiye alitoka. Alisema anaenda kufunika miche ya mboga kwa magunia."

"Na Bogonko?"

"Huyo sikumwona. Lakini nimeshangaa. Mama yake alimlea vizuri. Kukaa na kofia mbele ya maiti, hata mlevi wa kwetu hawezi."

Kipngetich alisimama ghafla. Alikuwa amekiona kiburi pale kwa sababu alikuja amebeba hasira yake tayari. Je, kama si kiburi?

Saa kumi na mbili aliingia ofisini na Bilhah na Nyakundi. Fenwick alikuwa amekaa. Bogonko alikuwa dirishani, kofia kichwani.

"Shavu limefanya nini, Bwana Bogonko?"

"Nilijikata nikinyoa."

"Vua kofia."

"Sajini, hii ni ofisi, si kituo chako cha polisi."

"Vua, mwanangu," Bilhah alisema polepole. "Jerusa alikubeba mgongoni."

 Bogonko akaivua kofia. Paji la uso lilikuwa limejaa vinundu vyekundu na michubuko hadi kwenye nywele.

"Na paji la uso unanyoa?" Kipngetich aliuliza. "Mtu akiendesha gari lisilo na kioo kwenye mvua ya mawe, hurudi na sura hiyo. Nyakundi hana hata mkwaruzo. Sema."

Bogonko akaketi. "Fenwick anaondoka Desemba. Aliniambia kiti cha umeneja ni changu, mradi kiwanja kiwe wazi kufikia Jumapili. Nilijua mawe yakianza wote hujificha. Nikasema nitapitisha gari juu ya mboga, kesho waseme ni mvua imeharibu. Nikamkuta njiani na magunia yake. Akanyoosha mkono. Hakupisha."

"Na wewe hukukanyaga breki."

"Alikuwa ameshaniona," Bogonko alinong'ona.

Fenwick alikohoa. "Na gari yangu? Jumapili mimi..."

"Gari inalala kituoni," Kipngetich alisema, akimfunga Bogonko pingu. "Na wewe, bwana, utakuja kueleza ile ahadi."

Nje, ngurumo zilikuwa zimeanza tena. Bilhah aliyachukua magunia ya Jerusa, ambayo Sajini alikuwa ameyaweka pale mlangoni, akashuka nayo kwenda kufunika miche. Sajini alijua ni ushahidi. Hakumzuia.