Jina la Maiti wa Video

Jina lilimponyoka Ananie kabla hajalifikiria. "Huyu anaitwa Tamar," alisema kwenye kipaza sauti, na watu sitini waliobanana kwenye mabenchi, ambao hucheka hata mbwa akipiga chafya, hawakucheka.

Miaka ile ya vita Butembo ilibakiwa na starehe mbili, kanisa na video. Usiku hakuna aliyeruhusiwa kutembea, kwa hiyo chumba cha video cha mtaa wa Mususa kilifunguliwa saa nne asubuhi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jenereta ikinguruma uani. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo Ananie hakujua hata neno moja. Kazi yake ilikuwa kuzisimulia kwa Kiswahili, na alipendwa kwa sababu aliwapa waigizaji majina ya watu wa mtaani. Jambazi alipewa jina la mtoza ushuru, mlevi jina la shemasi, na watu walivunjika mbavu. Siku ile alikuwa amechoka, majina yamemwishia, na maiti wa kike akatoka kaburini anahitaji moja.

Tamar alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe Hulda. Miezi saba nyuma watu wenye bunduki walivamia kijiji chake upande wa Mabalako, na tangu hapo hakuonekana, si mzima wala mfu. Hulda alikataa katakata kukaa matanga. Aliyekuja kumpa pole alionyeshwa njia.

Watu walipotoka, Ananie alibaki anakunja nyaya. Chumba kilijaa harufu kali ya muhogo uliolowekwa, ingawa hakuna aliyeloweka muhogo karibu. Benchi la nyuma likalia, kama linavyolia mtu akikaa.

Kesho yake aliweka filamu ya vita, akamwona yule maiti amesimama nyuma ya askari. Akaweka ya mapenzi, naye alikuwa miongoni mwa wageni wa harusi, amesogea mbele kidogo. Siku ya tatu, kanda yoyote aliyoingiza ilimleta karibu zaidi na kioo, macho yake hayamtazami mwigizaji yeyote bali yeye mwenyewe Ananie, midomo imefumba, inangoja kusemewa, mpaka mdomo wa Ananie ukafunguka bila ruhusa yake na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kipaza sauti, taratibu, ikiuliza kama mdogo anayemwita dada yake mkubwa, "Yaya, mbona hamunililie?" na watu wakakanyagana mlangoni.

Habari zilimfikia Hulda kabla mumewe hajafika nyumbani.

"Kama ni yeye, nitamuleta hapa," alinong'ona. "Atalala na batoto."

"Mama Christa, hapana. Ile hapana muntu," Ananie alimjibu.

"Iko na sauti yake."

Ananie hakulala. Alfajiri alimwendea mchungaji Éliakim, ambaye mambo ya pepo wa aina hiyo hakuyasoma katika shule ya Biblia, aliyasikia kwa bibi yake. Jumatano wakaenda wote watatu, pamoja na Hulda, kwenye chumba cha video, mchana kweupe, na harufu ya muhogo iliwapokea nje ya mlango.

"Ile ni pepo, mama," mchungaji alisema kwa sauti ya chini. "Bwana yako aliipatia jina, ikalivaa. Itatoka kama ndugu ya Tamar wa damu anasema mbele yake kwamba Tamar alisha kufa."

"Lakini hatujue kama alikufa."

"Miezi saba, mama."

Runinga ilikuwa imezimwa, lakini kioo kilikuwa na mwanga hafifu, na ndani yake mtu alikuwa amekaa akisubiri. Hulda alikitazama kwa hamu iliyomtisha mumewe kuliko pepo lenyewe. Ananie alimshika mkono. Aliona haya kwa alichotaka kusema, akakisema.

"Sema tu, mama Christa. Nilichoka. Nataka tulale."

Hulda aliuvuta mkono wake, akakisogelea kioo. Kisha akasema, "Tamar, mudogo wangu, ulisha kufa. Enda."

Mwanga ukazimika. Harufu ikakatika papo hapo, na mchungaji akaanza kusali kwa haraka. Hulda alilia siku tatu, matanga yakakaliwa, na Ananie, Mungu amsamehe, alilala usingizi mnono.

Wiki ya pili mkulima mmoja, Mathe, alifika kwa miguu kutoka Mabalako, magunia yamefungwa miguuni badala ya viatu. Alikataa kiti.

"Tulikuwa na Tamar mu pori tangu wakati ule," alisema. "Alikuwa na homa, lakini alikuwa anapona. Alitutuma tubaambie iko muzima, njia ilikuwa mubaya."

Hulda alishika ukuta. "Na sasa?"

"Jumatano ya juma yenye ilipita, saa sita ya muchana, alikuwa anakula bugali. Akaacha, akainua kichwa sawa na muntu anaitwa. Akasema, 'Ni yaya Hulda. Anasema nilisha kufa.' Akaweka sahani chini, akalala, akakufa."