Nukta ya Sita

Kila asubuhi kabla ya shule, Ineza alishuka na dumu lake la njano hadi kwenye chemchemi iliyo pembeni mwa bonde la mafunjo, huko Kasulo. Zamani dumu lilijaa kabla hujamaliza kusalimiana na watu. Mwaka huu maji yalitoka kiduchu, foleni ikawa ndefu, na watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu.

"Ni hawa wasuka mikeka," mama mmoja alisema kwa sauti. "Wanakata mafunjo kila siku. Mnategemea nini?"

Moyo ulimchoma Ineza. Bibi yake Kanyange alikuwa msuka mikeka, na hata sare aliyovaa Ineza ilitokana na mikeka hiyo.

Siku hiyo Mwalimu Domisiana aliwasha kishikwambi chake mbele ya darasa la sita. Wanafunzi wakasongamana, kila mmoja akimkanyaga mwenzake.

"Picha hii imepigwa na setilaiti, juu kabisa angani," alisema.

"Jamani, bati la shule lile!" Elick alipiga kelele. "Na uwanja wetu wa mpira!"

Kisha Mwalimu akaonyesha picha ya bonde hilohilo, ya miaka kumi iliyopita. Lo! Kijani kilikuwa kikubwa karibu mara mbili.

"Bonde hili linatupa nini?" akauliza.

"Mikeka!" "Kambare!" "Maji!"

"Mbu!" alisema Elick, na darasa zima likaangua kicheko.

"Na mbu pia," Mwalimu alikubali, naye akicheka. "Lakini mafunjo hushika maji ya mvua, huyachuja, halafu huyaachia kidogo kidogo hadi kiangazi. Tungelazimika kuinunua kazi hiyo, tungeiweza?"

Wanafunzi hawakuwahi kufikiria kwamba bonde nalo hufanya kazi.

Mwalimu aliwagawia ramani zenye nukta. "Setilaiti inaona kijani tu, haijui ni kijani cha nini. Nendeni kwenye kila nukta, mwone kwa macho yenu, mwandike. Ijumaa kijiji kitaamua la kufanya kuhusu maji kwa kutumia ramani yenu."

Ineza na Elick walipewa nukta sita. Walikimbia kwa furaha, wakataka wawe wa kwanza kurudi. Tano walizimaliza. Ya sita ilikuwa upande wa juu wa chemchemi, ng'ambo ya tope la kufika magotini.

"Si kijani kile pale?" alisema Elick. "Andika mafunjo, twende!"

Ineza akaandika. Walirudi wa kwanza, wakapigiwa makofi.

Ijumaa ramani ilibandikwa ukutani. Palipokatwa palipakwa rangi nyekundu, na wekundu wote ulikuwa upande wa wasuka mikeka.

"Juu ya chemchemi mafunjo ni mazima," alisema mwenyekiti wa kijiji, Bwana Philbert. "Basi tatizo tumeliona. Kuanzia leo ni marufuku kukata mafunjo."

Bibi Kanyange alisimama taratibu. "Sisi tunakata shina tu, mzizi hatuugusi. Urufunzo, mafunjo haya, huota tena." Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona, hawakumsikiliza. Bibi akaketi, akaitazama mikono yake.

Ineza aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nukta ya sita! Akainuka.

"Shikamooni. Nukta ya sita sikufika. Niliandika mafunjo bila kuona."

"Mimi ndiye niliyemshawishi," Elick naye akasema, akiwa ameinamisha kichwa.

Mwenyekiti aliibandua ramani ukutani. "Twendeni tukaone. Sasa hivi!"

Mkutano mzima ulishuka bondeni, kina mama wamepandisha kanga, watoto wakitangulia mbio. Walipovuka tope, Ineza akapiga ukelele. Nyuma ya ukuta mwembamba wa mafunjo kulikuwa na shamba la magimbi, majani mapana ya kijani, na mtaro mrefu uliokuwa ukipeleka maji moja kwa moja mtoni.

Mzee Juvenali alijikuna kichwa. "Magimbi ni yangu. Nilichimba mtaro yasioze. Kumbe nilikuwa nakausha chemchemi! Nisameheni, naufukia leo leo."

Majembe yaliletwa, na kabla jua halijazama mtaro ulikuwa umefukiwa. Mwenyekiti aliifuta marufuku yake, akamwomba radhi Bibi Kanyange mbele ya watu wote.

Wiki tatu baadaye, dumu la Ineza lilijaa kabla hajamaliza kumsalimia Mzee Juvenali. Mwalimu Domisiana alikuwa nyuma yao na ndoo yake.

"Ineza, ulisema ukweli ukiwa mgumu, nami najivunia," alisema. "Lakini usingehitaji ujasiri ule kama ungevuka lile tope. Setilaiti haina miguu, ilikutegemea wewe. Usiandike usichokiona, maana kuna mtu atakayeumia kwa maneno yako."

"Nimeelewa, Mwalimu. Leo jioni tunarudia nukta zote sita."

"Zote?" aliguna Elick kutoka kwenye foleni. Halafu akainama, akaanza kukunja suruali.