Sauti Iliyobaki Mapinga

Foleni ya siku ile pale Mapinga, acha tu. Lori refu lilikuwa limekwama katikati ya barabara ya Bagamoyo likijaribu kukata kona kuingia njia ya vumbi, na mgongoni limebeba dude la chuma, jekundu, limepinda kama mkia wa ng'e. Honi zikalia huku na huku. Watu wa sokoni wakaacha nyanya zao wakaja kutoa maoni.

"Daraja hilo," alisema mmoja.

"Daraja gani limepinda? Bomba la gesi hilo."

"Yaani gesi ipite juu juu hivyo, kila mtu aione?"

Hapo ndipo Zuleha aliposhuka kwenye bajaji. Alivaa baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, mtandio wa zambarau na raba nyeupe zisizoogopa vumbi. Simu yake ilikuwa inarekodi kabla mguu haujagusa chini.

"Si daraja wala si bomba," alisema. "Ni kipande cha reli ya rola kosta. Tena cha mteremko wa kwanza."

Watu wakamgeukia. Aliyeduwaa kuliko wote alikuwa kijana aliyesimama juu ya lori, ovaroli la buluu limemganda kwa jasho, kilemba cha taulo kichwani. Huyo ndiye Mikdad.

"Dada, nani kakwambia?"

"Macho yangu. Mnaijenga wapi?"

"Siruhusiwi kusema. Na usipige picha."

"Nimeshapiga kumi na nne."

"Zifute basi!"

"Nipe namba yako. Nikizifuta nitakujulisha."

Watu walicheka mpaka mwenye lori akasahau kugombana na trafiki. Mikdad akataja namba, sauti ikimkwama. Na picha hazikufutwa, msije mkadanganyika. Jioni zote kumi na nne zilikuwa mtandaoni.

Maana Zuleha binti Abdillah mchana anauza madaftari na kalamu dukani kwa baba yake, mtaa wa Dunda, Bagamoyo, lakini akishika simu ni mtu mwingine. Ana ukurasa wake unaitwa Mteremko, wafuasi elfu kumi na moja, na habari zake ni za rola kosta tu, zile treni za kuchezea zinazopandishwa juu na kuporomoka kwa kasi. Ipi inafunguliwa Uarabuni, ipi ya mbao imebomolewa Marekani, ipi treni yake imegoma kileleni watu wakashuka kwa ngazi. Urefu, kasi, mizunguko, vyote anavyo kichwani. Na hajawahi kupanda hata moja! Alichowahi kupanda ni bembea za Idd, zile za kusukumwa kwa mkono.

Mikdad naye ni mtoto wa Mbegani, alisomea injini za boti hukohuko. Boti zilipokosa mshahara akaajiriwa na bustani mpya ya michezo iliyokuwa inajengwa Mapinga. Kazi yake ilikuwa kufunga reli, na ikimalizika, kuikagua kila asubuhi kabla mtu hajapanda.

Basi simu zikaanza.

"Fundi wangu, umeamkaje?"

"Salama, bibi habari. Umeamka na mimi au umeamka na reli?"

"Nimeamka na wote wawili. Haya niambie, mnyororo wa kupandishia umeshafungwa?"

"Umefungwa."

"Unalia tak-tak-tak?"

"Zuleha, nimekula au sijala, huulizi?"

"Umekula, kipenzi?"

"Sijala."

"Pole. Sasa unalia tak-tak-tak au haulii?"

Mikdad alicheka, lakini akishakata simu anabaki ameishika, hajui aliwaze lipi. Kwa miezi saba ya simu zile alikuwa amempenda yule binti kupita kiasi. Kwao Mbegani alishamtajia mama yake, mpaka watu wa kupeleka posa walishachaguliwa kichwani. Kilichomshinda ni kujua anapendwa yeye au anapendwa kwa sababu ya chuma alichokifunga. Mara mbili alimuuliza wazi, "Zuleha, unanipenda?" Mara zote mbili akajibiwa kwa kicheko na habari ya breki za sumaku.

Na Zuleha je? Alimpenda, wallahi. Usiku wa kwanza tu alijua. Ila kinywa kile kinachosema mchana kutwa habari za mita na kilomita, likija neno hilo moja kinafungwa. Aliona haya. Akajiambia, mbona anajua tu?

Mchanga ulipopakiwa kwenye viti badala ya watu, treni ikazunguka wiki nzima na wakaguzi wakaridhika. Ikatangazwa siku ya waalikwa, Jumatano. Mikdad akamtafutia Zuleha nafasi.

"Sharti moja," alimwambia pale ngazini, kabla ya kumfunga kizuizi cha mapajani mwenyewe na kukivuta mara tatu. "Simu unaiacha kwenye kabati. Mtu haruhusiwi kupanda na kitu mkononi."

"Mimi ndiye wa kufundishwa hilo?"

Kumbe simu aliisokomeza kwenye mkono wa baibui. Shetani wa habari alimpanda. Kwanza alinyamaza akisikiliza mnyororo, tak-tak-tak, bahari ikatokea kwa mbali nyuma ya minazi, kisha treni ikainama. Lo! Kile kitambo cha kuelea, makalio yakiacha kiti, alichokiandikia miaka minne bila kukijua, kikamkuta mzima mzima. Akapiga ukelele. Akashuka analia na kucheka, akapanda tena, na tena, mara tisa, kila mara akipiga kelele kwa pumzi yake yote mpaka walinzi wa getini wakawa wanamwigiza.

Mara ya tisa simu ikachomoka. Ikaruka juu ya uzio, ikapasukia kwenye zege, hatua mbili kutoka miguuni mwa mama aliyebeba mtoto.

Mikdad alizima mashine. Akamwendea Zuleha mbio.

"Unajua ingemwangukia yule mtoto kichwani? Wewe! Wewe unayejua kila kitu! Nimekuingiza kwa jina langu, Zuleha!"

Zuleha akafungua kinywa aseme nisamehe. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi kavu. Sauti ilikuwa imekwenda, yote, imebaki huko kwenye mteremko.

"Huna hata la kusema?"

Akamtazama tu, macho yamejaa.

"Haya," alisema Mikdad. "Nimeelewa. Ulichokijia umekipata." Akageuka akaenda zake kwenye mitambo, na Zuleha akaondoka bila simu, bila sauti, na bila kuelewa lililompata.

Nyumbani akakuta viatu vingi mlangoni. Shangazi Swaumu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamvuta mpaka chumbani.

"Mwanangu, heri imeingia! Mzee Kombo kaleta barua ya posa. Mposaji ni Muhidini, yule muuza viwanja, kijana mpole, nyumba anayo. Baba yako anauliza, unaridhia?"

Zuleha akakodoa macho. Akashika koo. Akatikisa mkono. Machozi yakaanza kumtiririka. Sasa, kwa watu wa huku, binti akiulizwa habari ya posa akanyamaza, basi amekubali, na akilia ndiyo kabisa, ni haya zinamliza. Shangazi hakungoja zaidi.

"Kanyamaza! Alhamdulillahi, mwali kanyamaza!" Vigelegele vikasikika mpaka msikitini.

Mtaniuliza, si angeandika? Binti anauza kalamu kwa boksi! Hata mimi nilimkasirikia. Na kweli alichukua karatasi, akaandika "Sitaki". Akaitazama. Shangazi angeuliza, humtaki huyu, unamtaka nani? Aandike nani? Yule aliyemgombeza mbele ya watu? Akaikunja ile karatasi, akaifunua, akaikunja tena. Alhamisi nzima alikunywa tangawizi na asali, watu wakimpongeza, na yeye akitabasamu kwa kuchanganyikiwa kama mgeni aliyeingia harusi siyo.

Mikdad naye Alhamisi nzima alipiga simu. Namba unayopiga haipatikani. Kumi, ishirini. Alijua fika kwamba simu imepasuka, ameiokota mwenyewe, iko mfukoni mwake, na bado akapiga! Hasira zilishamwisha, limebaki jambo moja tu, kwamba Zuleha alimtazama bila kusema neno. Angalau angemtukana.

Ijumaa baada ya swala akavaa kanzu, akaenda Dunda kurudisha ile simu iliyopasuka. Akakuta barazani wazee wamekaa, masinia yamefunikwa kawa, kina mama wanaingia na kutoka.

"Samahani mama, hapa kuna shughuli gani?" alimuuliza jirani mmoja.

"Hujui? Zuleha kaposwa. Karidhia juzi, leo watu wa mume wanakuja kupokea jibu."

"Karidhia mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba. Kalia kwa furaha."

Mikdad akampa yule mama ile simu. "Mpe tu. Mwambie fundi kaileta." Akageuka.

Zuleha alikuwa dirishani. Aliiona kanzu, akaujua ule mwendo. Akaita. "Mikdad!" Hakuna. Akashika nondo za dirisha akaita kwa nguvu mpaka koo likamchoma, na mtu anakwenda, anafika kwenye kibanda cha vocha, anakaribia kona. Kama angepotea pale ndiyo basi tena. Wazee walikuwa wanasubiri neno moja tu lipelekwe kwa Muhidini.

Akatoka mbio. Miguu mitupu, khanga kiunoni na nyingine kichwani, akapita katikati ya baraza, mbele ya Mzee Kombo aliyeshika kikombe cha kahawa, akashuka ngazi.

"Zuleha!" Shangazi alipiga yowe. "Mwali huyo! Yarabi, mshikeni!"

Akampata Mikdad penye kona, akasimama mbele yake anahema.

"Hongera," alisema Mikdad, bila kumtazama.

Zuleha akatikisa kichwa.

"Hongera hutaki? Umeridhia au hukuridhia? Zuleha, mimi sielewi kitu! Unacheza na mimi?"

Zuleha akajipiga koo kwa vidole, akamsogelea, ikatoka sauti kama ya mlango uliokosa mafuta.

"Sina sauti, mjinga wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya tisa."

Mikdad sasa akamtazama usoni. "Kwa hiyo pale kwenye mashine, nilipokugombeza..."

"Nilikuwa naomba radhi."

"Na hiyo posa?"

"Waliniuliza. Nikashindwa kujibu."

"Ya Rabi," alisema Mikdad, akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Basi niambie mimi. Na usiniambie habari za breki. Unanitaka?"

Kabla hajajibu, baba yake, Mzee Abdillah, alikuwa ameshafika, fimbo mkononi, nusu ya mtaa nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye anayefukuzwa na binti yangu miguu mitupu?"

"Ndiyo mzee."

"Anakutaka?"

"Sijui mzee. Ndiyo kwanza nilikuwa namuuliza."

Mzee Abdillah akamtazama mwanawe, jasho, machozi, vumbi mpaka magotini. Mkono wa fimbo ukashuka. Akarudi barazani, na mbele ya watu wote akamwambia Mzee Kombo, "Ndugu yangu, nisamehe sana. Nilikuchukulia jibu ambalo mwanangu hakulitoa. Mfikishie Muhidini salamu zangu, na aibu ni yangu, si ya mtoto." Mzee Kombo alikasirika, ana haki. Kahawa hakuimaliza. Shangazi Swaumu alijifungia chumbani mpaka magharibi.

Zikapita wiki mbili, ikaja barua kutoka Mbegani. Sauti ya Zuleha ilikuwa imesharudi na dukani hakuna aliyepumzika. Lakini baba yake alipoingia chumbani na ile barua, akauliza, "Unaridhia?", Zuleha akainamisha uso kwenye mtandio, kama walivyofanya bibi zake wote, akanyamaza.

Shangazi Swaumu, mlangoni, tayari alishavuta pumzi ya kigelegele.

"Ngoja!" alisema Mzee Abdillah. "Kimya mimi sikitaki tena nyumba hii. Nilikaribia kukuoza kwa kimya. Nataka nisikie, Zuleha. Sema wewe."

Mtandio ukatikisika. Akanyanyua uso.

"Nimeridhia, baba," alisema. Akameza mate. "Nampenda Mikdad. Hata reli zote wazing'oe kesho, nampenda."

"Mtoto huna haya!" Shangazi alijifunika uso kwa khanga. "Wageni barazani wamesikia!"

"Wasikie," alisema baba yake.

Hakutoka mara moja. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena, mpaka macho yalipomkauka. Kisha akaenda barazani kutoa jibu.