Filamu Iliyobaki

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule ya Suji, Zipora alichota maji mferejini, chini ya ndiva, bwawa ambamo wanakijiji walikusanya maji ya kumwagilia mashamba. Watoto walikatazwa kupanda ukingo wake. Siku moja alipanda, akateleza, akaangukia kiwiko. Nyumbani alisema, "Gunia la mahindi limeniangukia hapa kwenye kifundo cha mkono."

Baada ya siku mbili mkono wote ulikuwa umevimba. Baba yake, Mzee Gideoni, aliteremka naye mpaka hospitali ya misheni.

Mpiga picha za eksirei alikuwa Bwana Yusto, mtu wa kijiji cha Bombo. Zipora alistaajabu kuona mtu wa milimani kwao akiiamuru mashine kubwa kama ile.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, binti. Usihangaike kutabasamu, mimi napiga picha mifupa." Kisha akasema, "Filamu imebaki moja. Nyingine zitakuja na treni Jumatatu. Nionyeshe hasa palipoumia."

Zipora alionyesha kifundo. Bwana Yusto aliiweka filamu chini yake, akapima kwa vidole, akafumba macho. Midomo yake ilicheza polepole.

"Unafanya nini, Bwana?"

"Namwomba Mungu. Mashine huona pale ninapoielekeza tu. Nikikosea, daktari naye atakosea."

Zipora alimtazama baba yake, machozi yakamtoka. "Si gunia. Nilipanda ukingo wa ndiva. Kilichoumia ni kiwiko."

"Zipora!" baba alifoka.

"Ngoja, Mzee," alisema Bwana Yusto, huku akiihamisha filamu. "Ukali wako hauozi. Utautumia baadaye."

Alipiga picha, akaingia chumba cha giza kuisafisha, akatoka na filamu iliyokuwa bado inadondosha maji. Kiwiko kilikuwa kimevunjika. Daktari aliunyoosha mkono saa ile ile, akasema, "Mngesubiri hadi Jumatatu, usingekunjuka tena."

Mlangoni baba alisema, "Ukipona, utakwenda kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na watu wazima, mkazoe matope ya ndiva."

"Ndiyo, baba."

Bwana Yusto aliinama. "Nimejifunza kazi hii miaka mingi, binti, lakini bila neno lako la kweli nisingeona kitu. Safari nyingine liseme mapema, kabla mkono haujavimba."