Jina la Babu katika Kaye ya Marcellin

Mstari wa tatu haukukauka. Marcellin, karani wa serikali kule Walikale, Kongo, alianza kuandika ukoo wake kwenye kaye, daftari lake, Jumapili moja ya mwaka 1953: jina lake, chini yake baba yake Nestor, kisha babu, mwindaji aliyeitwa Kikuni. Kufika adhuhuri wino wa babu ulikuwa bado mbichi, nao ulinuka mavi ya popo.

Ndani, mkewe Rosalie alimwita. Hélène, binti yao wa wiki tatu, alikuwa amekataa titi.

Kesho yake alikuja shangazi Agathe, dada wa marehemu Nestor. Hakujua kusoma. Aliinusa kaye.

"Uliandika nani hapa?"

"Kikuni. Njo baba ya papa."

Agathe akaguna. "Papa Karani! Kikuni alisaidia tu. Mama yetu wazee walimuoza kwa ule muzimu wa pango, angali mutoto, juu kijiji kipone. Wanaume walikuja, wakaenda. Watoto wote iko ya bwana yake, ule muzimu. Hata weye."

"Ninatafuta bantu, watu wa kweli, Shangazi, si matundu ya popo."

"Basi tafuta. Tutaona kama bantu yako watanyonyesha mutoto."

Tusimlaumu Marcellin. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia, na shuleni aliambiwa mengine. Alifungua ukurasa mpya, akaandika Kikuni tena, akiikandamiza kalamu.

Alasiri, jua likiwa kali uani na majirani wakitwanga muhogo, Rosalie alimkamulia mtoto maziwa kwenye kijiko, yakamwagika yote shingoni, na harufu ile ikatoka kwenye kaye ikaingia kitandani na kwenye nywele zao, na mabawa yakapiga chini ya paa la nyasi ambapo hapakuwa na kitu, mpaka kwenye mkeka karibu na mlango, ambao hakuna aliyeukalia, sauti nzito ikasema polepole, kama mtu anayemchekea mjinga:

"Karani. Andika Kikuni mara ya tatu, nione."

"Andika jina ya muzimu," Rosalie alinong'ona.

"Ni upuuzi ya bashenzi..."

"Mutoto anakufa, Papa Hélène! Andika!"

Agathe, aliyekuwa angali pale, alimnong'oneza jina hilo sikioni. Marcellin aliliandika. Hélène akalitafuta titi, akanyonya kwa pupa.

Agathe hakufurahi. Alivua kikuku chake cha shaba, alichoachiwa na mama yake, akakizungusha mara mbili kwenye mkono wa mtoto.

"Ya nini hiyo?" Marcellin aliuliza.

"Umeandika mwenyewe kama uko wa ukoo yake. Muke yake alikufa zamani, na hakuna mwenye alimupatia mwingine. Katika ukoo, musichana iko moja tu."

Marcellin alicheka kwa dharau, peke yake.

Hélène, ameshiba, aligeuza shingo kuelekea mkeka mtupu, akanyoosha mkono wenye kikuku. Rosalie alijaribu kuushusha. Haukushuka. Kulikuwa na mtu ameushika.